Peja ya Daktari Haika

Haika Mmari hakusomea udaktari hata siku moja. Alisoma hesabu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaja Minnesota kwa msaada wa Walutheri waliokuwa na urafiki na dayosisi ya kwao, na alipomaliza shahada ya pili akaajiriwa na kampuni yenye zahanati ndogondogo Minneapolis, Saint Paul na vitongojini. Huko hakugusa mgonjwa. Alikaa ghorofa ya chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, akiangalia mitambo. Damu ilimtia kizunguzungu. Hata kuku, tangu utotoni Machame, walichinjwa na wengine yeye akiwa nyuma ya nyumba ameziba masikio.

Pamoja na hayo, mwaka 1997 ungemuuliza Mwafrika Mashariki yeyote aliyesali mtaa wa Phillips, Minneapolis, Jumapili alasiri kama anamjua Daktari Haika, angekujibu anamjua sana, na pengine angeongeza kwamba ni bingwa wa moyo.

Udaktari huo aliupata hivi.

Kazi yake ilikuwa kusoma. Kila zahanati ilikuwa na ruta, kisanduku cha chuma kinachopitisha habari za wagonjwa kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa waya wa simu, na kila ruta ilikuwa na tabia ya kueleza mambo yake kirefu kama mjomba aliyerudi safari. Ukiiuliza hali, inakumwagia kurasa nzima: laini hii imeamka, ile imelala, vifurushi kadha vya habari vimepita, kadha vimepotea. Haika alizihoji asubuhi moja baada ya nyingine, akapitia majibu kwa macho akitafuta neno moja tu la Kiingereza, down. Palipoandikwa down, kitu kimeanguka, na fundi apelekwe.

Mkuu wake alikuwa Davis, mwanamume mrefu wa makamo aliyevaa shati la mikono mifupi hata theluji ilipofika magotini. Davis alipenda kumwona Haika akisoma. Alipita nyuma yake na kikombe cha kahawa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakila.

Haika alichoka. Akanunua kitabu cha lugha ya kompyuta iitwayo Perl, akakisoma ndani ya basi kwenda na kurudi, akagundua jambo lililomfurahisha kuliko mengi aliyofundishwa Mlimani: kwamba mtu anaweza kuiandikia kompyuta ruwaza, yaani umbo la maneno anayoyatafuta, nayo ikapekua kurasa zote hizo wakati yeye anakoroga chai. Hakufika mbali kwenye kitabu. Alipofika ukurasa uliomtosha, aliandika ruwaza ya herufi nne, d-o-w-n, akaongeza amri kwamba herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa, maana ruta za zamani zilipenda kupayuka kwa herufi kubwa. Alijiona amenasa kila kitu. Na kweli alikuwa amenasa kila kitu. Hilo ndilo lililomponza.

Davis alipoonyeshwa programu hiyo aliuliza, "Kwa hiyo siku za mapumziko, ofisi ikiwa tupu, nayo inaendelea kusoma?"

"Inaendelea," Haika akasema kwa fahari.

"Na ikiona kitu kimeanguka?"

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. "Inaweza kupiga simu yenyewe," akasema. "Ikamwita mtu kwenye peja."

Kesho yake alikuta mezani peja, kidude cha kuvaa kiunoni kinacholia mtu anapotafutwa, cheusi, kipya, na kibanio chake. "Programu ni yako," Davis alimwambia kwa ukarimu. "Ni haki ikuite wewe." Ndivyo Haika alivyoandika programu ya kumpunguzia kazi ya siku tano, ikamletea ya siku ya sita na ya saba.

Jumapili iliyofuata alikwenda ibadani. Waafrika Mashariki walikuwa wakisali kwenye kanisa la wazee Walutheri wenye asili ya Uswidi, ambao walilitumia asubuhi na kuliacha wazi alasiri. Mhubiri alikuwa ndiyo kwanza amefungua Biblia wakati peja ilipolia kiunoni mwa Haika. Kanisa zima liligeuka.

Ieleweke kwamba katika mitaa ya Phillips miaka ile peja ilivaliwa na watu wa aina mbili, madaktari na wauza unga, na Haika alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza.

Alitoka mbio hadi kwenye simu ya ukutani iliyokuwa karibu na jiko, akampigia Francis, mlinzi wa chumba cha mitambo. Akina mama waliokuwa wakipasha pilau walisimamisha miko wakasikiliza.

"Imeanguka?" Haika aliuliza kwa Kiingereza. "Una hakika? Imerudi yenyewe? Haya, asante Mungu. Iache, usiiguse."

Francis alikuwa amemwambia tu kwamba taa zote ni za kijani. Akina mama walielewa kwamba mgonjwa alizimia, akazinduka, na daktari ameamuru aachwe apumzike. Kabla sahani hazijagawiwa, habari ilikuwa imefika hadi kwa watoto waliokuwa wakicheza kwenye ngazi.

"Tumepata daktari, na hakutuambia!" Mzee Nahashon, mwenyekiti wa ushirika, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mzee. Mimi si daktari. Nashughulika na mitambo."

"Marahaba, mwanangu. Na moyo je, si mtambo?" Mzee akacheka, akawaangalia wenzake. "Mmeona unyenyekevu?"

Haika alikanusha Jumapili hiyo na iliyofuata. Lakini kila Jumapili, ibada ikifika katikati, peja ililia, na kila alipokanusha aliongezewa cheo. Walianza kumletea mambo yao. Huyu magoti, yule mgongo, mwingine dawa alizotumiwa kutoka Kisii zisizo na jina. Aliwajibu wote, "Nenda hospitali ukapimwe," na kwa kuwa lilikuwa jibu sahihi kila mara, sifa yake ilizidi.

Na tuseme kweli, baada ya muda hakukanusha sana. Alitengewa kiti cha mwisho wa safu, ili asipate shida kutoka. Sahani yake ilifunikwa na nyingine, ikiwa na mnofu. Mtu aliyekaa wiki nzima chumba kisicho na dirisha, akiitwa kwa jina alilokosewa matamshi, hachukii kuona watu wakimpisha mlangoni. Alijiambia kwamba uongo hajausema, ni watu tu hawasikii.

Mmoja tu alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni. Nkatha alikuwa muuguzi, Mmeru, mwanamke mnene wa sauti nzito, aliyekesha zamu hospitalini na bado akaja ibadani macho mekundu. Yeye hakuwa na peja. Hakuna aliyemfunikia sahani.

Mwezi Machi, siku ya ushirika mtakatifu, Mzee Nahashon aliamua kufunga tangu asubuhi, ijapokuwa alikuwa na kisukari na alikuwa ameshajichoma sindano yake ya insulini. Aliposimama kusoma matangazo mikono ilianza kutetemeka. Jasho lilimtoka. Akasema jambo kuhusu viti ambalo halikueleweka, akaketi sakafuni.

"Daktari! Daktari Haika!"

Watu walifunguka kama zipu. Nkatha, aliyekuwa karibu zaidi, alikuwa ameshapiga goti, akavutwa bega na mzee mmoja wa kamati. "Pisha, mama, mpishe daktari aone."

Haika alisimama kando ya Mzee Nahashon, mkono mmoja mfukoni. Hakujua amshike wapi. "Mwacheni Nkatha!" alipiga kelele. "Nkatha, mshughulikie wewe!"

Nkatha alimtupia jicho, akapiga goti tena. "Mzee, unanisikia? Unaweza kumeza? Leteni juisi, haraka, hiyo ya watoto." Akamnywesha kidogokidogo akiwa amemkalisha, akampima mapigo, akaagiza gari la wagonjwa liitwe. Walipofika wahudumu, mzee alishapata rangi na alikuwa akiuliza nani ataendelea na matangazo.

Baadaye, kwenye chai, watu hawakuwa na habari nyingine. "Mlimwona daktari alivyotulia? Hata mkono hakuutoa mfukoni. Aliagiza tu!"

"Ndivyo wakubwa wanavyofanya," mwingine akasema. "Wanaelekeza."

Nkatha alichukua koti lake. Haika akamfuata hadi kwenye maegesho, akamkuta akikwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa nguvu ambayo kioo hakikustahili.

"Dada Nkatha, naomba unisamehe. Mimi si daktari."

"Ati unaniambia mimi? Nilijua siku ya kwanza. Daktari gani anaambiwa kuhusu kuhara anafunga macho?" Nkatha aliendelea kukwangua. "Sasa hiyo kitu inakuitia nini kila Sunday?"

Haika akamweleza: ruta, laini, ruwaza, neno down. Nkatha alisikiliza mpaka akaacha kukwangua.

"Na ukipiga simu unaambiwa nini?"

"Kwamba kila kitu kiko sawa."

"Kila Sunday? Saa ileile?" Nkatha akaingia garini, akashusha kioo. "Haika, mgonjwa akinibonyezea kengele kila siku saa moja, na kila nikienda hana shida, mimi siulizi ana ugonjwa gani. Nauliza saa moja kuna nini. Ingia nikupeleke, utaganda hapo."

Maneno hayo yalimkera, hasa kwa kuwa yeye ndiye mwenye shahada mbili. Jumatatu asubuhi alichapisha kila kitu ruta zilichokuwa zimesema Jumapili alasiri, akakisoma kwa kidole. Alikuwa ameshakisoma wiki nyingi bila kuona kitu, kwa sababu jicho la mtu husoma maana, na alikuwa akitafuta habari ya kuanguka. Safari hii alilazimisha jicho lisome herufi, kama kompyuta.

Akaiona. Ruta ilikuwa imeandika kwamba laini fulani imeungana na Downtown.

Kampuni ilikuwa imefungua kijizahanati katikati ya jiji, kinachofanya kazi Jumapili alasiri peke yake, na kwa kubana matumizi kilipewa laini ya simu inayojiunga pale tu mtu anapoihitaji. Kilipewa na jina la mahali kilipo, Downtown. Kila Jumapili muuguzi wa huko alipowasha kompyuta yake, laini iliamka ikiwa na afya tele, ruta ikaandika kwa furaha kwamba imeungana na Downtown, na ruwaza ya Haika ikazikuta herufi zake nne mwanzoni mwa jina hilo, ikampigia kengele. Alikuwa akitolewa kanisani mbio kwenda kuarifiwa kwamba kitu kimesimama wima.

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa na kibanio kabisa. Haika alicheka peke yake mpaka Davis akachungulia mlangoni.

"Kuna tatizo?"

"Hapana. Nilikuwa nasoma tu."

"Vizuri," Davis alisema, akaenda na kahawa yake.

Akarekebisha siku hiyohiyo. Ruta ikitangaza laini iliyoanguka huandika "changed state to down", kwamba imebadili hali ikawa chini. Basi Haika akaiamuru ruwaza itafute maneno hayo yote kwa mfuatano huo, na lisibaki pengo la Downtown kuponyokea. Jumapili peja ilinyamaza. Ikanyamaza na iliyofuata.

Alidhani angepata amani. Alipata rambirambi.

"Daktari, vipi kazini?" mama mmoja wa jikoni alimnong'oneza. "Hawakuiti tena?"

"Wamenipumzisha," Haika akajibu, akajuta papo hapo.

"Wazungu hao!" Mama akamshika shavu. Sahani ilifunikwa kama kawaida, lakini mnofu sasa ulikuwa wa huruma. Wiki iliyofuata waliomba sala maalumu kwa ajili ya wote waliosimamishwa kazi kwa sababu ya rangi yao, na macho ya watu yalimtafuta kwenye kiti cha mwisho wa safu.

Amani ya kazini nayo haikudumu. Ijumaa moja fundi alikwenda zahanati ya Inver Grove Heights kubadilisha waya, akaifunga laini kwa mkono ili afanye kazi yake, akamaliza, akafunga mkoba, akaondoka bila kuifungua. Ruta ilitimiza wajibu wake: iliandika kwamba laini imebadili hali ikawa "administratively down", yaani iko chini kwa amri ya mwenyewe. Lakini neno hilo refu lilijipachika katikati ya mfuatano wa Haika, na ruwaza, iliyofundishwa kukaza macho, ikalipita bila salamu. Jumamosi nzima wauguzi wa Inver Grove Heights waliandika habari za wagonjwa kwa penseli. Peja ilikuwa kimya kama jiwe.

Jumatatu Davis alimwita ofisini.

"Programu ilikuwa nzuri," alisema. "Ilikuwa inaita kila wiki. Umeifanya nini?"

"Nimeirekebisha. Ilikuwa inaita bila sababu."

"Lakini ilikuwa inaita." Davis alikuna kidevu. "Nilikuwa nimewaambia wakubwa juu kwamba tuna mfumo unaokamata hitilafu kila Jumapili, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuathirika. Walifurahi sana. Sasa nawaambia nini?"

Haika alitaka kumwambia kwamba hitilafu zile hazikuwapo. Akauangalia uso wa Davis, uso wa mtu mwema aliyeshazisifia mbele ya watu, akaghairi. "Nitairekebisha tena."

Safari hii alifungua kitabu alipokiachia, akageuza ukurasa mmoja. Jibu lilikuwa limekaa hapo, juu kabisa: alama ndogo ya kuwekwa kila upande wa neno, inayoiambia kompyuta kwamba neno linaanzia hapa na kuishia hapa, lisiwe kipande cha jingine. Akaziweka. Sasa down iliyosimama peke yake ilinaswa hata ikitanguliwa na maneno gani, na Downtown ilipita bila kuguswa. Ukurasa mmoja tu! Angeufungua mwaka uliotangulia, asingekuwa daktari.

Akaamua kuumaliza udaktari huo pia. Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Mzee Nahashon, akakaribishwa chai, akaeleza yote kuanzia ruta hadi Downtown. Mzee alisikiliza bila kushangaa.

"Mwanangu, hilo nalijua tangu siku niliyoanguka," akasema. "Nilikuwa sakafuni lakini macho yalikuwa wazi. Wewe uliogopa kuliko mimi."

"Kwa nini basi hukuwaambia watu?"

Mzee alikoroga chai ambayo sukari hakutia. "Wenye kanisa walianza kunong'ona kuhusu kelele na harufu ya vitunguu. Kamati yao ikaniuliza, yule dada mwenye peja ni daktari? Nikasema, sisi tunamwita hivyo. Je, ni uongo? Tangu hapo tumekaa kwa amani. Kundi lenye daktari halifukuzwi."

Haika hakulala vizuri kwa neno hilo. Kutengewa kiti ni jambo moja, kuwa hati ya nyumba ya watu ni jingine. Jumatatu wakati wa chakula cha mchana alipanda basi hadi Phillips, akamkuta Margaret, karani wa kanisa, bibi wa nywele nyeupe aliyekuwa akibandika stempu kwenye bahasha. Akamwambia kwamba yeye si daktari wala hajawahi kuwa.

Margaret alivua miwani. "Daktari wa nini, mpenzi?"

"Kamati yenu ilimuuliza mwenyekiti wetu."

"Aa, ile!" Margaret akacheka. "Baba mmoja wa kamati alikuwa anaumwa kisigino, alitaka kuuliza bure. Ninyi tuliwapa alasiri kwa sababu alasiri hapakuwa na mtu. Na kile kitunguu, sijui mnakipika vipi, mniambie." Akarudi kwenye stempu zake.

Jumapili Haika alisimama wakati wa matangazo, akaeleza mbele ya wote, polepole, kwa Kiswahili safi, kwamba yeye ni mtu wa kompyuta, na kwamba peja ilikuwa ikilia kwa kosa la herufi nne. Kanisa lilimsikiliza kwa heshima kubwa. Alipoketi, mama wa jikoni aliyekuwa nyuma yake alimgusa bega. "Pole, daktari. Kazi hizo huchosha akili."

Nkatha, kwenye safu ya pili, alikuwa ameinama, mabega yakitikisika, leso mdomoni.

Mwaka uliofuata Davis alipandishwa cheo kwa ajili ya mfumo wake wa kukamata hitilafu, na Haika akapewa kiti cha Davis pamoja na dirisha. Nkatha naye aliiambia kamati kwamba amechoka kuona watu wazima wakiumwa kimyakimya, akaweka meza ya kupima shinikizo la damu ukumbini baada ya ibada. Alimwomba Haika aje kuandika namba, kwa sharti kwamba hakutakuwa na sindano wala tone la damu. Haika alikubali.

Siku ya kwanza Mzee Nahashon alisimama kwa furaha kuutangazia ushirika. Alisema huduma hiyo ni bure, kila mtu apite, wababa wasione aibu. "Atakayewapima," akasema, "ni Daktari Haika, akisaidiwa na dada yetu Nkatha."

"Wacha," Nkatha alimwambia Haika, aliyekuwa ameanza kuinuka. "Kaa. Ukikanusha tena watakufanya profesa." Akamvuta mzee wa kwanza kwenye foleni, akamkunjia mkono wa shati, na kuanza kupampu.